Jiwe la Mombasa huazima tu

Birika la maji ya kisima halifichi kitu. Lichemshe kila siku kwa maji ya Kisauni au ya Mji wa Kale, na mwezi hauishi kabla ya chini yake kuganda gamba jeupe, gumu, linalokwaruza kijiko kikipita. Likwangue kidogo, uliweke kwenye kisosi, ulidondoshee siki. Litachemka povu kwa sauti ndogo mpaka limalizike.

Povu hilo ni hewa ya ukaa.

Nimelifikiria gamba hilo kwa wiki kadhaa, tangu nilipoanza kuona hoja moja ikizunguka kwenye simu za watu: kwamba mwamba wa Pwani hunywa hewa ya ukaa kila mvua inyeshapo, kwa hivyo dunia ina njia yake ya kujisafisha na hatuna haja ya kuhangaika. Nusu ya kwanza ya hoja ni kweli. Nusu ya pili ina kosa, na kosa lenyewe ni dogo kiasi kwamba mtu aliyesoma kemia ya sekondari anaweza kulipita bila kuliona. Ni kosa la kuhesabu ioni moja tu, yaani chembe moja yenye chaji ya umeme. Lakini katika ioni hiyo moja ndimo tabianchi ya dunia ya mamilioni ya miaka ilimoamuliwa.

Hesabu ya birika

Mvua ikishuka hubeba hewa ya ukaa kidogo, ndiyo maana hata mvua isiyopita kwenye moshi wowote huwa na pH (kipimo cha asidi; chini ya 7 ni asidi) ya kama 5.6. Ikizama udongoni huokota nyingi zaidi, kwa kuwa mizizi na vijidudu hupumua humo usiku na mchana. Maji na hewa hiyo hufanya asidi kaboniki. Ni asidi dhaifu, ila ina wakati mwingi.

Inapokutana na jiwe la matumbawe, ambalo karibu lote ni kalisi kaboneti, huliyeyusha hivi: molekuli moja ya jiwe, moja ya hewa ya ukaa na moja ya maji, hutoka ioni moja ya kalisi na mbili za bikaboneti, yaani ukaa ulioyeyuka majini. Maji hubaki maangavu, na jiwe limo ndani yake.

Ukiyachemsha, mambo hugeuka. Joto hufukuza hewa ya ukaa, kalisi hushikana na kilichobaki, na jiwe hujitokeza tena chini ya birika. Tuchukulie maji yana miligramu 300 za kalisi kaboneti kwa lita. Lita moja ikichemka hadi yote ijitenge, utapata gramu 0.3 za gamba na gramu 0.13 za hewa ya ukaa zitatoka na mvuke. Hizo gramu 0.13 ndizo zilezile mvua ilizozichukua ili iliyeyushe jiwe. Hakuna salio.

Bahari hufanya kazi hiyohiyo bila moto. Tumbawe, chaza na vidudu vya baharini visivyoonekana kwa macho huchukua kalisi moja na bikaboneti mbili. Ukaa mmoja huingia kwenye gamba na wa pili huachiliwa. Kwa hivyo hewa iliyoazimwa na mvua ya Nyali hurudishwa na miamba ya Nyali inayokua majini. Jiwe la chokaa huazima tu.

Na huazima kwa kasi ambayo mtu anaweza kuikadiria. Mombasa hupata mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka. Tuseme milimita 300 kati ya hizo huzama hadi mwambani, yaani lita 300 kwa kila mita ya mraba, na kila lita inaondoka na gramu 0.25 za jiwe. Ni gramu 75 kwa mwaka. Kwa jiwe lenye uzito wa tani 2 kwa mita ya ujazo, uso wa mwamba unashuka milimita 0.04 hivi kwa mwaka, au kama sentimita 4 kwa miaka 1,000. Fort Jesus, iliyojengwa juu ya mwamba huu kati ya 1593 na 1596, bado haijapata hasara kubwa kwa njia hiyo. Chumvi, mawimbi na viumbe vinavyotoboa mwamba usawa wa maji kupwa na kujaa ndivyo vinavyoila haraka zaidi, na vile vishubaka virefu chini ya majabali ya Mama Ngina ni kazi yao.

Kuna njia moja ya kulifanya jiwe hili lisiazime bali litoe. Lichome.

Tani moja ya kalisi kaboneti safi ikipata joto la kama nyuzi 900 hubaki kilo 560 za chokaa, na kilo 440 hupaa zikiwa hewa ya ukaa. Tanuri za zamani za pwani, za matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo, zilifanya hivyo kwa kiasi kidogo, na lipu ya chokaa ikishapakwa ukutani huivuta tena hewa hiyo polepole inapokauka na kuwa jiwe. Viwanda vya saruji hufanya hivyohivyo kwa kiasi kikubwa, na sehemu inayorudi ukutani ni ndogo kuliko inayotoka. Mashimo ya Bamburi yaliyochimbwa mawe ya saruji, ambako misitu ya mivinje ilianza kupandwa 1971 na leo twiga wanatembea, yalikuwa mawe kabla ya kuwa majengo na hewa.

Nusu isiyorudi

Sasa twende bara, kwenye basalti, mwamba mweusi wa lava iliyoganda.

Ndani ya basalti kalisi na magnesiamu hazikushikana na kaboneti. Zimeshikana na silika, yaani silikoni na oksijeni. Asidi ileile ya mvua ikitaka kung'oa kalisi moja humo, inalazimika kutumia hewa ya ukaa mara mbili, na hutoka bikaboneti mbili ambazo ukaa wake wote umetoka hewani. Zikifika baharini, kiumbe hutengeneza gamba lake kwa kalisi moja na ukaa mmoja, na ukaa wa pili hurudi hewani.

Uliochukuliwa ni mbili, uliorudi ni mmoja.

Kwenye chokaa pia bikaboneti ni mbili, ila mojawapo ukaa wake ulitoka ndani ya jiwe lenyewe, si hewani. Hapo ndipo hoja ya kwenye simu inapojikwaa. Ukipima maji tu, bikaboneti ya Kisauni na ya vilima vya Chyulu, vya basalti huko bara, hazina tofauti. Ni lazima ujue ukaa umetoka wapi.

Na si kila mwamba wa silika una faida sawa. Graniti nyingi na naisi kama za vilima vya Taita zina madini ya feldispa yenye sodiamu na potasiamu kwa wingi. Madini hayo yakilika huvuta hewa ya ukaa, lakini sodiamu haitengenezi gamba la chaza, hivyo sehemu kubwa ya hewa hiyo baadaye huachiliwa. Mchangamawe wa Mazeras ni kwatzi, yaani silika tupu, kwa sehemu kubwa, nayo karibu hailiki kabisa. Basalti ndiyo inayofanya kazi: inakadiriwa kuwa chini ya asilimia 5 ya nchi kavu, lakini hubeba kama theluthi ya hewa ya ukaa yote inayovutwa na miamba ya silika duniani.

Mombasa hunywa maji yaliyopita humo. Mvua ya vilima vya Chyulu, ambavyo ni lava changa zilizojaa nyufa, huzama bila kufanya mito na kuibuka kwenye chemchemi za Mzima. Kutoka hapo bomba lililojengwa miaka ya 1950 huleta sehemu yake hadi mjini, zaidi ya kilomita 200. Maji yasiyoingia bombani huungana na mto Tsavo, kisha Galana, na kumwagika baharini kaskazini ya Malindi kwa jina la Sabaki.

Ningependa kusema maji ya mfereji ni ushahidi mtupu wa basalti kufanya kazi. Siwezi. Chini ya lava kuna miamba ya kale, na ukanda huo wa miamba una marumaru humu na mle, ambayo ni chokaa iliyopikwa. Vilevile sehemu za volkano huweza kutoa hewa ya ukaa kutoka chini kabisa, ikayeyuka majini bila kupita hewani. Mtu anayetaka kutenganisha hufanya hivi. Kwanza hupima kloridi na kutoa chumvi ya bahari iliyoletwa na mvua: kwa kila klorini 100 hutoa sodiamu 86, kwa kuhesabu ioni, si uzito. Karibu na pwani asipofanya hivyo hesabu yote imeharibika. Pili hulinganisha kalisi na sodiamu iliyobaki. Maji yaliyopita kwenye silika huwa na kalisi kama 0.35 kwa sodiamu moja. Yaliyopita kwenye chokaa hufika kama 50 kwa moja. Tatu, akiwa na maabara, hupima isotopu za kaboni, yaani atomi za ukaa zenye uzito tofauti, kwa kuwa ukaa wa volkano hauna kaboni-14 na ukaa wa mizizi ya leo unayo.

Joto likizidi, jiwe hulika zaidi

Wazo kwamba miamba huvuta hewa ya ukaa ni la zamani. Mfaransa Jacques-Joseph Ébelmen aliliandika 1845. Mkemia Mmarekani Harold Urey alilifufua 1952. Lakini mwaka 1981 wanasayansi James Walker, Paul Hays na James Kasting ndio walioonyesha kwa nini lina uzito: kulika kwa silika kunategemea joto na mvua.

Volkano hutoa hewa ya ukaa bila kujali hali ya juu. Ikijikusanya, dunia hupata joto, mvua huongezeka, silika hulika haraka, na hewa huvutwa hadi kasi ya kuvuta ilingane na ya kutoa. Ikipungua, baridi huingia, miamba hulala, na volkano hujaza tena. Hakuna anayeamua. Jua la mwanzo wa dunia lilikuwa na nguvu pungufu kwa kama asilimia 30, lakini bado kulikuwa na maji ya kutiririka. Utaratibu huu ni mojawapo ya maelezo mazuri zaidi tuliyo nayo.

Chokaa hairekebishi joto kwa namna hii. Tena huyeyuka vizuri zaidi kwenye maji baridi kuliko ya moto, kama birika linavyoonyesha.

Mara mbili dunia ilisukumwa mbali sana. Kati ya miaka milioni 720 na 635 iliyopita barafu ilifika hadi maeneo ya ikweta. Ardhi ikiwa chini ya barafu jiwe haliliki, volkano zikaendelea kupumua mamilioni ya miaka, hewa ya ukaa ikajaa hadi barafu ikayeyuka. Juu ya mashapo ya barafu ya wakati huo hukutwa tabaka nene la chokaa, lililotengenezwa na mvua kali iliyokula mawe yaliyoachwa wazi ghafla. Upande wa pili, miaka milioni 56 iliyopita, kaboni nyingi iliingia hewani na joto likapanda nyuzi 5 au 6. Kurudi hali ya kawaida kulichukua kama miaka 150,000 hadi 200,000.

Soma tena nambari hiyo kabla ya kumtumia mtu ujumbe kwamba dunia itajisafisha.

Miamba ya silika duniani huvuta takriban tani milioni 100 za kaboni kwa mwaka. Binadamu kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi hutoa kama tani bilioni 10. Ni mara mia. Bahari huchukua sehemu kubwa kwa karne kadhaa, kisha chokaa iliyo sakafuni mwa bahari huyeyuka na kupunguza asidi kwa maelfu ya miaka, na hapo jiwe letu la kuazima linasaidia kwa kweli, kwa muda wa mkopo wake. Kinachobaki hewani baada ya hapo kinasubiri silika.

Himalaya

Hapa ndipo nilipokwama.

Uhindi iligongana na Asia karibu miaka milioni 50 iliyopita. Wakati huo hewa ya ukaa inakadiriwa ilizidi sehemu 1,000 kwa milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa 280. Barafu kubwa ilianza Antaktika miaka milioni 34 iliyopita. Wanasayansi Maureen Raymo na William Ruddiman walitoa hoja, hasa katika maandishi yao ya 1992, kwamba mambo haya yameshikana: milima iliinuka, mvua za monsuni zikaiparura, mawe mapya yakawa wazi, hewa ya ukaa ikavutwa, dunia ikapoa. Ushahidi wao mkuu ulikuwa strontiamu ya baharini (metali inayofanana na kalisi), ambayo uwiano wake wa isotopu 87 kwa 86 umepanda kwa miaka milioni 40, kama kwamba mabara yanamwaga zaidi.

Hoja ni tamu. Fanya hesabu moja uone tatizo lake.

Volkano hutoa kiasi kinachokaribiana na kile silika inachovuta, tani milioni 100 za kaboni. Tuseme Himalaya iliongeza uvutaji kwa robo tu, tani milioni 25 kwa mwaka, na volkano hazikubadilika. Kwa miaka milioni 2 hizo ni tani bilioni 50,000. Hewa ya kabla ya viwanda ilikuwa na kama bilioni 600, na bahari nzima kama bilioni 38,000. Dunia ingeishiwa kaboni na kuganda kabla ya Everest kufika popote. Kwa hivyo uvutaji haukuweza kuongezeka na kubaki juu. Haiwezekani.

Strontiamu nayo ikaleta matata. Baadhi ya chokaa za Himalaya zimepikwa pamoja na miamba ya kale na kubeba uwiano uleule wa juu, yaani ishara iliyohesabiwa kuwa ya silika inaweza kuwa ya jiwe la kuazima. Ni kosa lilelile la kwenye simu, safari hii ndani ya data za bahari. Mwaka 1997 Christian France-Lanord na Louis Derry walionyesha kwamba kwenye mashapo ya Ghuba ya Bengali ukaa uliozikwa kama mabaki ya mimea unazidi ule uliovutwa na silika ya milima hiyo. Na 2010 Jane Willenbring na Friedhelm von Blanckenburg walipima isotopu za berili, ambazo huonyesha kasi ya miamba kulika, kwenye mashapo ya baharini ya miaka milioni 12 wakakuta kasi ya kulika kwa miamba haikubadilika.

Inaonekana hoja imekufa. Mimi sidhani, lakini imebadilika umbo. Jumla ya uvutaji lazima ilingane na volkano, basi ilibaki ileile. Kilichobadilika ni joto linalohitajika ili jumla hiyo ifikiwe. Dunia yenye tambarare za zamani, zilizofunikwa na mita nyingi za udongo mwekundu uliochoka, huhitaji joto jingi na mvua nyingi ili ile silika ya chini ifikiwe. Dunia yenye mawe mapya yaliyovunjika hupata kiasi hichohicho ikiwa baridi. Ukisoma hivyo, berili ya 2010 haipingani na Himalaya, inakubaliana nayo. Isitoshe, huenda milima yenyewe si Himalaya. Visiwa vya Indonesia na New Guinea, vyenye miamba ya volkano chini ya mvua ya tropiki, vinatajwa zaidi siku hizi, na kwa kuwa ni basalti na aina zake kwenye joto, naona wanaotaja huko wana haki.

Tope la Sabaki

Kama mawe mapya hupoza dunia, na mmomonyoko ndio unaoyaleta juu, je, tope linaloifanya bahari ya Malindi kuwa rangi ya chai ya maziwa ni jambo jema kwa tabianchi?

Hapana. Sababu zake zinafaa kutazamwa moja moja.

Tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 lilikatwa na kupimwa bariamu, ambayo huja na tope la mto. Kiasi kilipanda mapema katika karne ya 20, kilimo cha kikoloni kilipopanuka bara, na hakikurudi chini. Tope hilo ni udongo wa juu. Umeshalika: kalisi na magnesiamu ziliondoka zamani, kilichobaki ni mfinyanzi, chuma na kwatzi. Kuuhamisha hadi baharini hakuvuti chochote kipya. Mchanga mweusi wa Kwale uliochimbwa titaniamu ni mfano wa mwisho wa safari hiyo, madini yaliyobaki kwa sababu hakuna mvua iliyoweza kuyala. Ili mmomonyoko usaidie, ni lazima ufike kwenye mwamba wenyewe na uuache ardhini muda wa kutosha kwa maji kuufanyia kazi. Ukienda polepole sana, udongo unaufunika mwamba. Ukienda haraka sana, chembe zinafika baharini kabla hazijalika. Shamba la mteremko lisilo na matuta husomba haraka udongo uliokwisha kuchoka.

Lipo pia suala la mabaki ya mimea. Tope linalozika majani kwa haraka mahali pasipo na oksijeni huhifadhi ukaa, na hiyo ndiyo kazi ya matope ya mikoko. Mradi wa Mikoko Pamoja pale Gazi, ulioanza 2013, unauza kitu hicho hasa, wala hauhusiani na jiwe kulika. Lakini mmomonyoko huohuo hufichua mawe ya mfinyanzi ya kale yenye ukaa wa mamilioni ya miaka, na oksijeni ikiufikia huungua polepole bila moto. Makadirio yaliyotolewa 2023 yaliweka utoaji huo karibu tani milioni 68 za kaboni kwa mwaka duniani kote, yaani kiasi kinachokaribia kufuta kazi nzima ya silika. Pairiti, madini ya chuma na salfa, ikiwemo, hutoa asidi ya salfa, na asidi hiyo ikikutana na chokaa hufukuza hewa ya ukaa kutoka kwenye jiwe lililotulia tangu zamani.

Kwa hivyo mmomonyoko hauna upande. Mlima uleule huvuta kwa mkono mmoja na kutoa kwa mwingine, na jibu hutegemea jiwe gani limefichuliwa, kwa kasi gani, na kwenye mvua gani. Mkulima wa bara amepoteza udongo, tumbawe la Malindi limefunikwa, na hewa haijapata kitu.

Unga wa basalti

Wapo wanaosema: basi tusisubiri milima, tusage basalti tuimwage mashambani. Jambo hili lina maana kuliko lile la ujumbe wa simu, na kwa sababu hiyo linahitaji kuulizwa maswali magumu zaidi.

Kiwango cha juu kabisa cha tani moja ya basalti ni kama tani 0.3 za hewa ya ukaa, ikilika yote. Madini ya olivini safi ya magnesiamu hufika 1.25, lakini mawe yake mara nyingi huja na nikeli na kromiamu ambazo hakuna anayezitaka kwenye sukuma wiki. Basalti husagwa hadi chini ya milimita 0.1, ikibaki kokoto itasubiri karne. Kiasi cha kawaida ni tani 10 hadi 50 kwa hekta. Ikisagwa laini zaidi hulika haraka, lakini umeme wa kinu hupanda na vumbi lake ni hatari kwa mapafu ya anayelimwaga, hivyo humwagwa likiwa limeloweshwa.

Yanayoharibika ni haya. Mbolea ya naitrojeni hutengeneza asidi ya nitriki udongoni, na jiwe likiliwa na hiyo kalisi inatoka bila hewa ya ukaa kuvutwa. Mfinyanzi huweza kuishika kalisi kwa miaka kabla haijafika mtoni. Kwenye sehemu kavu, bikaboneti huganda kuwa chokaa palepale udongoni, na nusu ya ukaa hurudi kabla ya bahari kuonekana. Anayeuza hesabu ya kaboni kwa kupima tu unga uliomwagwa hajapima kitu. Apime kalisi, magnesiamu na sodiamu za udongo kabla na baada, hadi kina cha mizizi, akilinganisha na titaniamu ambayo haiondoki, na apime bikaboneti kwenye maji yanayotoka chini ya shamba. Na awe na shamba la pembeni lisilomwagiwa.

Usafiri nao. Lori la tani 28 kutoka Kibwezi hadi Mombasa ni kama kilomita 300. Kwenda na kurudi kwa lita 40 kila kilomita 100 ni lita 240 za dizeli, kilo 640 hivi za hewa ya ukaa, au kilo 23 kwa kila tani ya unga. Dhidi ya kiwango cha juu cha kilo 300 si mbaya, ila katika miaka ya kwanza huenda ikalika sehemu moja tu kati ya kumi, na hapo dizeli imemeza sehemu kubwa, kabla hata kinu hakijahesabiwa.

Tena ukifika nayo Mombasa utaiweka wapi? Udongo unaokaa juu ya jiwe la matumbawe tayari una pH ya juu, na basalti kwenye udongo huo hulika kwa uvivu. Mashamba ya chai ya nyanda za juu yana tatizo la upande wa pili: pH ikishuka chini ya 5, jiwe hulika haraka lakini asidi zilizomo humo huizuia bikaboneti isitokee, kwa hivyo miaka ya kwanza huenda kwenye kurekebisha udongo. Mkulima atashukuru, hewa haitajua. Panapofaa ni udongo wenye asidi ya kiasi, mvua ya kutosha kusukuma maji hadi mtoni, na machimbo ya basalti yaliyo karibu kiasi cha lori kurudi siku hiyohiyo. Kenya ina sehemu kama hizo. Hakuna hata moja iliyo kisiwani.